Yule fundi kabati wa Keko leo amenivua nguo mbele ya baba mkwe

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimekosewa mnivumilie.

Kuna fundi mmoja pale Keko. Simtaji. Mnamjua. Yule mwenye penseli sikioni ambayo haijawahi kuchora mstari tangu nchi ipate uhuru, simu mbili na zote hazipatikani, na "kesho bosi" yake haijawahi kufika. Ndiyo, huyo huyo. Acheni kujifanya hamumjui.

Nilimpa kazi ya kabati la sebuleni: mashine yangu ya gemu PS5, PS4 ya watoto, king'amuzi, ruta, na droo ya kuchajia pedi za kuchezea gemu. Nikamchorea mwenyewe kwenye A4, vipimo kwa sentimita. Nikamweleza kwa mdomo, nikamrudia WhatsApp, nikamtumia na voisi. Fundi, nyuma chini nataka matundu marefu ya kuingiza hewa. Juu nataka matundu mawili ya duara, nifunge feni za kompyuta zile za sentimita 12. Kina cha ndani kisipungue sentimita 45, maana mashine yenyewe ina 26, nyuma inataka angalau 10 za kupumulia, na waya hazijapinda bado. Akajibu "sawa bosi" na kidole gumba. Kidole gumba ninacho hapa kwenye simu, siku ya kiama nitakitoa kama ushahidi.

Leo kalileta. Baba mkwe yupo, kaja kutusalimia. Kabati kwa macho ni zuri, vanishi inang'aa unaweza kunyolea ndevu. Nazunguka nyuma. Plaiwudi imepigwa misumari pande zote nne, hata mende akitaka kupita aombe kibali. Juu ubao mtupu. Droo ya pedi haina hata pa kupitisha waya wa chaji. Tundu liko moja tu kabati zima, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, plagi haipiti. Nikauliza, tena kwa upole, tena nimeita "fundi": matundu ya hewa yako wapi?

Akacheka. Halafu hakunijibu mimi. Akamgeukia BABA MKWE, akasema: "Mzee, huyu kijana alitaka kabati au alitaka banda la kuku?"

Na mzee akacheka. Akacheka hadi kofia ikadondoka! Mtu ambaye hajawahi kucheka utani wangu hata mmoja tangu nipeleke barua ya posa.

BANDA LA KUKU, wakuu.

Kuhusu plagi akanipa ushauri wa bure: "Kata plagi, pitisha waya, halafu ungia kwa ndani, simpo tu." Nikate plagi ya PS5! Nimeinunua kwa jasho, halafu niiunge kwa selotepu kama taa ya Krismasi!

Nikasema sawa, ngoja tulijaribu hapa hapa, kila mtu aone. Nikaingiza mashine, nikafunga vioo, nikaanza mechi. Mnajua joto la Dar. Mashine yenyewe imeandikiwa hewa ya kuizunguka isizidi nyuzi 35, na hiyo chumbani tu tunaigusa bila kabati. Kipindi cha pili feni inapiga kelele hadi jirani kauliza ukutani nani anasaga mahindi Jumapili. Dakika chache mbele ujumbe ukatokea: PS5 ina joto kupita kiasi, izime usubiri ipoe. Navuta droo, pedi zimechemka ungeweza kupigia shati pasi.

Kimya sebuleni. Baba mkwe akakohoa, akasema: "Labda kuku ameatamia."

Fundi akagaragara kwenye zulia langu. Halafu akanyanyuka, akajifuta machozi, akanyoosha mkono: "Bosi, nimalizie hela yangu." Tena "kijana" aliniita mbele ya mke wangu. Nina mvi mimi!

Banda. La. Kuku.

Kiroboto Mpole:
Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya banda.

Mama Watano:
Nimecheka hadi mtoto kaamka. "Labda kuku ameatamia." Huyo mzee afunguliwe uzi wake, wewe kaa pembeni.

Jogoo la Shamba:
Mkuu, trei la mayai unauzaje?

Mleta uzi:
Nilijua tu. Mtu nimedhalilishwa nyumbani kwangu, mnaniuliza trei.

Jogoo la Shamba:
Nauliza kwa nia njema. Ya kienyeji au ya kisasa?

Randa na Patasi:
Mimi ni fundi na wateja wa aina yako nawajua. Mnakuja na mchoro nyuma ya risiti ya LUKU, matundu mmeyachora yanafanana na maua, fundi anadhani ni nakshi. Halafu nikufundishe kitu: ule mgongo unaoulalamikia ndio unaolishika kabati lisiyumbe. Utoboetoboe ovyo uone, likisukumwa kidogo linapinda pembe na milango yako ya kioo haifungi tena. Anayetaka mgongo wazi analipia fremu ya mbao ngumu. Wewe bila shaka ulilipa bei ya kabati la vyombo.

Mleta uzi:
Nimesema A4! Na vipimo! Na voisi! Hata kama ni maua, basi ungenichongea hayo maua, hewa ingepita kwenye petali. Wewe umenibandikia plaiwudi.

Randa na Patasi:
Sijakubandikia mimi.

Mleta uzi:
Nyote ni wamoja.

Kibanda cha Kona:
Nina kibanda cha gemu, mashine zinawaka kuanzia watoto wakitoka shule hadi usiku. Nakusaidia bila kukucheka, nimeshamaliza kucheka. Kabati usilibomoe. Tafuta mwenye drili na kile kisu cha duara, atoboe mgongoni nyuma ya kila mashine lakini aache ubao pembeni, hapo hata Randa na Patasi hatalia. Chini hewa iingie, juu itoke, kwa sababu ya moto inapanda. Feni zote mbili ziwe zinatoa. Nimeona watu wanaweka moja inavuta nje na nyingine inasukuma ndani zikitazamana, wanazungusha moto ule ule humo ndani. PS5 inavuta hewa kwa mbele na kutema nyuma, ukiziba nyuma inameza pumzi yake mwenyewe. Mwenye Xbox Series X, ile mashine ya gemu ya Microsoft, ndiyo asiseme, ile inatemea juu, usiiwekee rafu utosini. Na gemu nzito PS5 inakula kama wati 200, joto lote hilo lina pa kwenda au halina. Wavu wa mbu usiweke kwenye matundu, vumbi letu linaziba halafu unarudi kuja kulia hapa. Pedi nazo zitoe kwenye hiyo droo, uzichajie rafu ya wazi. Betri za lithiamu na joto haziivi chungu kimoja.

Kiroboto Mpole:
Mzee kashuka nondo. Sasa mbona kibandani kwako pedi zinakwenda kushoto zenyewe?

Kibanda cha Kona:
Hiyo ni mikono yenu. Mnapiga penalti kwa meno.

Jogoo la Shamba:
Kwani si afungue tu milango ya kioo wakati wa kucheza? Uzi uishe.

Mleta uzi:
Mkuu, nina mtoto wa miaka miwili. Wiki iliyopita ameingiza kipande cha chapati pale pa kuwekea diski. Nilikitoa kwa kibano cha nyusi cha mama yake. Milango lazima. Ila hoja si milango jamani, hoja ni kuambiwa vile mbele ya mkwe.

Mama Watano:
Hahaha, chapati ya maji au ya kusukuma?

Mhenga wa Gemu:
Wadogo hamjui joto nyie. Xbox 360 ilikuwa inakuwashia zile taa tatu nyekundu, kwaheri. Mwaka 2007 Microsoft wakaongeza waranti hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya ule ugonjwa. Na hapo mtu kaiweka juu ya meza, upepo unapita. Watu walikuwa wanazifunika kwa taulo wakidhani zitapona. Yangu niliifunga kwenye kanga ya marehemu bibi.

Kiroboto Mpole:
Ikapona?

Mhenga wa Gemu:
Kanga iliungua.

Bahari ya Mombasa:
Poleni ndugu zetu. Huku kwetu fundi alinifanyia kitanda kizuri ajabu, mvule safi, kufika nyumbani hakiingii mlangoni. Nikamuuliza nitafanyaje, akanijibu, "Bwana, kitanda kiko sawa, tazama mlango wako." Akapanda tuktuk akenda zake.

Mama Watano:
"Tazama mlango wako." Hawa watu wanasomea wapi?

Bi Kitenge:
Afadhali nyie wenye makabati. Mimi nina fundi cherehani Kariakoo, simtaji. Vitenge vya sendofu ya mdogo wangu nilimpa mapema kabisa. Gauni nimeletewa usiku wa kuamkia shughuli, na bodaboda, ndani ya mfuko wa rambo. Mkono wa kulia umefika kwenye kifundo, wa kushoto umeishia kwenye kiwiko. Nikampigia nalia. Akaniambia: "Dada, inua bega."

Mama Watano:
INUA BEGA!

Jogoo la Shamba:
Uzi umepata mmiliki mpya.

Mleta uzi:
Dada pole sana, ila tusitoke kwenye mada. Je, kisheria mtu anaweza kudai arudishiwe kianzio kama...

Kiroboto Mpole:
Mkuu subiri kwanza. Dada, uliinua?

Bi Kitenge:
Niliinua. Ningefanyaje? Picha zote za shughuli niko vile, bega moja juu, nasimamisha daladala.

Tandika Moja:
Samahani dada, huyo fundi anavaa miwani ya kusomea kwenye ncha ya pua? Anatafuna karanga wakati anakupima?

Bi Kitenge:
Na maganda anakuwekea mkononi umshikie!

Tandika Moja:
NI HUYO. Ana kitambaa changu tangu Idi ya mwaka juzi. Nikipiga anasema kimebaki vifungo. Ni pazia lile! Pazia lina vifungo gani?

Mama Watano:
Jamani, mwenye kaka anayekaa nje na bango la suti za harusi?

Tandika Moja:
Mdogo wake. Naye ana cherehani. Usimpe.

Randa na Patasi:
Hapo sasa hata mimi nakubali, mafundi cherehani ni watu wabaya.

Mleta uzi:
Wewe nyamaza kabisa.

Kibanda cha Kona:
Mleta uzi, njoo PM nikuelekeze mwenye drili. Na hela ya kumalizia usimpe fundi wako hadi matundu yatobolewe.

Mhenga wa Gemu:
Huyo wa karanga alimshonea mwanangu suruali ya kipaimara. Siku ya misa haikupanda magoti. Sasa hivi anavaa kama kaptula.

Bi Kitenge:
Basi wote mliodhulumiwa tukutane Jumamosi saa nne asubuhi pale kwake, twende kwa pamoja. Kila mtu aje na risiti.

Tandika Moja:
Risiti? Dada, yule aliwahi kumpa nani risiti? Alinipa ganda la karanga.