Kisukuku chenye mabawa: ni kombe au nini? Naomba msaada wa haraka

Mkazi_wa_Shela: Wakuu, nimeokota kisukuku hapa Malindi. Upana sentimita 4, kimechongoka pande mbili kama mabawa, kina mifuo kutoka kwenye bawaba hadi ukingoni. Kesho nahitaji jina lake.

FundiMawe: Gawa gamba moja katikati kwa jicho. Nusu ya kushoto ikilingana na ya kulia, huyo ni brakiopodi, mnyama wa baharini mwenye magamba mawili lakini si kombe. Kombe hulingana gamba kwa gamba. Kuna bonde katikati?

Mkazi_wa_Shela: Lipo, kwenye gamba kubwa. La pili lina tuta.

FundiMawe: Basi hilo kubwa ni gamba la tumbo. Chini ya mdomo wake, yaani ncha iliyopinda penye bawaba, tafuta uwazi wa pembetatu, ndipo kilipotokea kikonyo cha kujishikizia. Kwa mabawa hayo nasema Mucrospirifer, jenasi ya Grabau, 1931, oda ya Spiriferida. Ndani alikuwa na springi mbili za kalisaiti (madini ya chokaa) zilizoshika lofofori, chujio lake la chakula, kila moja ikielekea bawa lake.

Kombe_Rosti: Analiwa kwa tui?

BintiNgomeni: Mzaha kando. Kuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Visukuku havitoki nchini bila kibali.

Jiwe_Kavu: Mnadanganywa. Mwamba wa ufukwe wa Malindi ni matumbawe ya juzi tu kijiolojia. Mucrospirifer ni wa Devoni, kipindi cha kale cha kijiolojia, zaidi ya miaka milioni 350, na hujaa Ohio na Ontario. Alikuja kwa jahazi?

Mkazi_wa_Shela: Haya, nilikinunua kwa muuza vinyago. Lakini mteja ameshatoa arbuni, anataka kiandikwe "Malindi". Tena kiko kwenye siki tangu jana king'ae. Siki ya kula tu, haina neno.

FundiMawe: Kitoe sasa hivi! Gamba ni kalisaiti. Hivyo viputo ndivyo gamba likiyeyuka. Hutangulia mifuo, halafu ncha za mabawa kwa wembamba wake. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ubadilishe mara kadhaa kwa siku mbili, ukaushe kivulini. Uchafu utoe kwa mswaki laini, penye bawaba tumia sindano.

Jiwe_Kavu: Na lebo iseme "kimenunuliwa Malindi". Basi.

Mkazi_wa_Shela: Mifuo ikipungua kidogo si kinapendeza zaidi?

FundiMawe: Spishi utaitambua kwa nini, kwa kung'aa?

Kombe_Rosti: Siki tayari, bado pilipili na kitunguu.

Mkazi_wa_Shela: Nimekitoa. Bawa moja limebaki bakulini.