Nyutrofili 1.4 na herufi L pembeni, niogope?

Mama Tausi, Tanga
Habari zenu wapendwa. Jana nimepima FBP, kipimo cha chembe zote za damu. Vyote sawa isipokuwa nyutrofili, aina ya chembe nyeupe: 1.4, pembeni herufi L (yaani chini), na kiwango cha kawaida kimeandikwa 2.0–7.0. Sina homa, nakula vizuri, lakini usiku sikulala, nawaza kansa ya damu. Naombeni msaada.

Fundi wa Maabara
Pole sana dada. Hiyo L naiona karibu kila siku kazini. Viwango vingi vilitokana na kupima watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi hatuna alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, na kuikosa kunatukinga sana na malaria ya aina ya vivax. Asiye nayo huwa na nyutrofili chache kwenye damu, wala haugui zaidi ya wengine. Himoglobini na chembe sahani zikoje?

Mama Tausi
12.6 na 245. Nimepekua kabati nikapata majibu ya mwaka juzi: nyutrofili 1.5!

Fundi wa Maabara
Afadhali umeyatunza. Inaelekea ndivyo ulivyo. Mpelekee daktari karatasi zote mbili, aamue kama urudie. Ukipata homa kali au vidonda mdomoni, usingoje.

Babu wa Pangani
Mwanangu, sukari yangu kabla ya kula ni 7.4. Nayo niiache?

Fundi wa Maabara
Hapana, babu, shikamoo. 7.0 ni mpaka wa kisukari, nao si kama ule wa nyutrofili: umewekwa kwa kuangalia madhara, hasa ya macho. Rudia kipimo wiki hii, tafadhali.