Natafuta kifaa cha kusomea flopi kabla ya tarehe 9 Oktoba, nipo Minneapolis

Theluji_Kali: Wakuu habari zenu. Jirani yangu huku ni mzee wa asili ya Norwe, kanipa boksi la flopi 14, zile diski za zamani za kompyuta, za chama chao, ndani kuna majina ya wanachama waliotangulia, anataka yasomwe tarehe 9 hiyo, siku ya Leif Erikson, yule baharia wao wa kale (Mviking) aliyefika Amerika kabla ya Columbus, wakiwa wananyanyua glasi za ile pombe yao ya asali. Nimenunua kidude cha kuchomeka USB, kinagoma. Kingine nakipata wapi? Siku zimeisha jamani.

Babu_Wanzuki: Pombe ya asali si ndo wanzuki hiyo? Sikonge tumeinywa tangu enzi za babu zetu bila kugundua nchi ya mtu. Kumbe Waviking ni Wanyamwezi waliopotea njia 😂

Dada_Imani: Umeenda kutafuta maisha au kunyanyua glasi? Mama yako anajua?

Msoma_Ramani: Kwanza tarehe 9 Leif hakushuka popote. Ni siku meli Restauration ilipoingia New York mwaka 1825 na wahamiaji wa Norwe. Waviking wenyewe pale L'Anse aux Meadows, Newfoundland huko Kanada, walikata miti ambayo imepimwa ikatoa mwaka 1021, Columbus kaja 1492, piga hesabu mwenyewe halafu uniambie nani wa kwanza.

Fundi_Waya: Mtoa mada, kinagoma vipi? Kompyuta inaandika nini?

Theluji_Kali: Kinagoma tu mkuu.

Fundi_Waya: Inaandika NINI?

Theluji_Kali: Iliuliza kama nataka kuformati. Kwenye boksi pameandikwa Macintosh 800K.

Fundi_Waya: Usiniambie ulibonyeza ndiyo, kuformati ni kufuta kilichomo.

Theluji_Kali: Sasa mkuu mashine yenyewe inasema diski haijaformatiwa, mimi nani nibishane nayo? Ni moja tu lakini, 13 zipo. Na mzee alishanipa dola 200 nikalipia umeme, kwahiyo kurudisha haipo, nafikiria nimwambie ile moja iliota ukungu, na kweli flopi za zamani huwa zinaota, sio kwamba nadanganya sana.

Fundi_Waya: Usichomeke nyingine! Flopi za Macintosh (Mac), kompyuta za Apple, za 800K zinasomwa na draivu inayobadilisha mwendo kadiri kichwa chake cha kusomea kinavyosogea, hicho cha USB kinazunguka mwendo mmoja, hata ununue kumi hola. Tafuta mtu mwenye Mac ya zamani yenye draivu yake ya ndani. Na kila flopi sogeza kile kiplastiki cha kwenye kona mpaka tundu libaki wazi, hapo hata ukikosea haiandikwi kitu.

Mnusa_Chai: Mnahangaika bure, hii chai. Mwezi wa nane huyu huyu alikuwa Singida anauliza bei ya mashudu ya alizeti. Leo Minneapolis na Waviking?

Theluji_Kali: Akaunti tunatumia wawili na mdogo wangu, yeye ndo yuko Singida.

Dada_Imani: Pombe, pesa ya mzee, sasa na uongo.

Babu_Wanzuki: Mashudu mwishowe yalikuwa bei gani?

Fundi_Waya: Awe Singida awe mwezini mimi sijali. Ile uliyoformati, lebo ilikuwa imeandikwa nini? Labda mzee ana nakala kwenye karatasi.

Theluji_Kali: Lebo niliibandua mkuu, ilikuwa inanasa kwenye kidude.