Binti amepungua robo ya uzito wake, daktari anasema BMI ni nzuri. Mbona mimi namwona mgonjwa?

MamaTatu wa Tanga (mleta mada)

Assalaam alaykum na habari za jioni wanajamvi. Nina binti wa miaka 17, yuko kidato cha tano, anasoma kutwa. Tangu utotoni alikuwa mnene na watu hawakumwacha asahau. Hata nyumbani tulimwita Kibonge kwa mapenzi, na leo jina hilo linanichoma.

Ndani ya miezi saba amepungua karibu robo ya uzito wake. Mtaa mzima unampongeza, mashangazi wanamuuliza siri. Ila mimi ninayelala naye nyumba moja naona mengine. Baada ya Ramadhani alifunga Sita, kisha Jumatatu na Alhamisi, kisha akaniambia analipa siku alizokula Ramadhani kwa sababu ya hedhi. Wiki iliyopita nilifungua kabati lake: pakiti tatu za pedi nilizomnunulia tangu mwaka uanze hazijaguswa. Sasa analipa siku zipi?

Anavaa sweta ndani ya joto hili la Tanga. Akiinuka kutoka kwenye sijda anashika ukuta. Na jambo linalonichanganya zaidi, anapenda jiko kuliko mtu yeyote humu ndani. Anatazama mapishi kwenye simu mpaka usiku, anapika vitumbua, anawapakulia wadogo zake halafu anasimama kuwatazama wanavyokula. Yeye hali.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akampima urefu na uzito, akasema BMI ni 23, iko sawa kabisa, akamwambia hongera, endelea hivyohivyo. Binti akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Naomba kuuliza: mtu anaweza kuumwa ugonjwa wa kujinyima chakula na uzito wake ukawa mzuri? Au ni wasiwasi wangu tu?

Mzee wa Korogwe

Mwanangu, pole. Lakini hayo ya kujinyima ni magonjwa ya Wazungu wenye friji zilizojaa. Mpime vidonda vya tumbo, mpe uji wa lishe, atakaa sawa.

Muuguzi wa Zamu

Mama, huo si wasiwasi wa bure. Nimekaa wodini miaka mingi, kosa hili nimeliona na mimi mwenyewe nimewahi kulifanya. BMI inalinganisha kilo na urefu wa siku ile tu. Haijui mtu alianzia wapi, wala ameshuka kwa njia gani. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani uliotoka 2013 unaitaja hali hii: dalili za anoreksia, yaani huo ugonjwa wa kujinyima chakula, zote zipo, mtu amepungua sana, lakini uzito bado uko kwenye kawaida au hata juu yake. Hatari yake ni ileile. Mwili wenye njaa hubana matumizi, iwe ni wa mtu mwembamba au mnene: unakata hedhi, unapunguza joto, unapunguza kasi ya moyo.

Kesho asubuhi kabla hajatoka kitandani, mshike kifundo cha mkono uhesabu mapigo dakika nzima. Hesabu tena akisimama. Kwa umri wake, mapigo yakiwa chini ya 50 akiwa macho, hiyo ni sababu ya kulazwa. Omba wampime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, umeme wa moyo, madini ya damu yaani potasiamu na fosfeti, na sukari. Na majibu ya damu yakitoka safi, msirudi nyumbani mkishangilia. Damu inaweza kuonekana safi wakati hali imeshakwenda mbali.

Tafadhali usimpakulie sinia ghafla ukamlazimisha. Mwili uliozoea njaa ukilishwa kwa pupa, fosfeti inaweza kuporomoka na moyo ukashindwa. Aanze chini ya uangalizi.

Hilo la jikoni si ajabu. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kulishwa nusu ya mahitaji yao kwa miezi sita. Walipungua karibu robo ya uzito, kama binti yako. Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi, wanaota chakula, wanasikia baridi, wananuna. Njaa ndiyo iliyowafanya hivyo.

Mwalimu wa Bios

Mzee wangu wa Korogwe, kwa heshima. Hata Fiji, visiwa vya Pasifiki, walikuwa wakisema hivyo, na kwao mwili mnene ulikuwa sifa. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Watafiti walipowauliza wasichana wa sekondari mwaka huo, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Waliporudi 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Binti zetu wana simu mkononi mchana kutwa.

Kijana wa Likoni

Mimi ni mwanamume, na kilo zangu hazikuwahi kutoka kwenye kawaida hata siku moja. Miaka minne nilikuwa nakula hadi tumbo linauma, kisha najitapisha, na nyumbani hakuna aliyejua. Aliyegundua ni daktari wa meno: upande wa ndani wa meno yangu ya mbele ulikuwa umelika kwa asidi. Akaniuliza kwa upole, nikalia kwenye kile kiti. Nilipopimwa, potasiamu ilikuwa chini sana, nikaambiwa moyo ungeweza kusimama nikiwa kazini. Ugonjwa huu wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha unaitwa bulimia, jina lililotolewa na daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979, na hadi leo wengi hawatujui kwa sababu kwa macho tuko sawa. Mama, usingoje akonde zaidi ndipo uaminiwe.

Usiku wa Manane

Mimi ni mnene na ninaumwa. Nakula usiku peke yangu, haraka, hata bila njaa, kisha nabaki na aibu. Kila nikienda kliniki naandikiwa "apunguze uzito", nami nikijinyima mchana, usiku inakuja mara mbili. Mwaka jana ndipo daktari mmoja aliponiuliza nakulaje badala ya nina kilo ngapi. Natibiwa kwa mazungumzo na mwanasaikolojia. Nashukuru umeufungua uzi huu.

MamaTatu wa Tanga

Narudi baada ya wiki tatu. Asubuhi ile nilihesabu mapigo 44, akisimama 81. Sikungoja, nikampeleka hospitali ya rufaa na karatasi yangu. Daktari wa pale hakumpandisha kwenye mizani kwanza, aliuliza mara ya mwisho ya hedhi. Alilazwa siku tisa.

Sasa tuko kliniki ya akili. Wameniambia wazazi ndio tutakaopakua na kukaa naye mpaka amalize, njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London. Kuna siku mlo mmoja unachukua saa nzima na anaponiambia ananichukia, nakaa palepale.

Kuhusu funga, imamu wa mtaani alikuja akamsomea aya ya 184 ya Al-Baqara, kwamba mgonjwa hulipa siku nyingine. Akamwambia, kwako wewe leo, kula ndiyo utiifu. Alilia sana, kisha akakamata kikombe cha uji.

Swali moja tu. Shangazi yake anakuja Jumamosi, naye hajui kusalimia bila kutaja mwili wa mtu. Nimwambieje?

Muuguzi wa Zamu

Mpigie leo, usingoje afike mlangoni. Mwambie mwili wa binti hautajwi kabisa, si "umependeza", si "umekonda", wala "sasa umerudi". Hiyo ya mwisho ndiyo itakayomuumiza zaidi. Amuulize habari za shule, na wakati wa chakula aketi ale naye.

MamaTatu wa Tanga

Nimeshampigia. Amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza aje na nini. Nimemwambia alete embe.