Saplaya China anasema mzigo uko tayari nimalizie 70%, nitume mkaguzi au nilipe tu?

Mama Mabegi
Habari zenu wakuu. Nauza mabegi ya shule Kariakoo, nimeagiza pisi 1,000 kiwanda kimoja kiko Shiling kule Guangzhou, advansi ya 30% nilishatoa na sasa ananiambia mzigo umeisha nimalizie apakie. Katuma picha na video, kwa macho mazuri kabisa. Ila mwaka jana kiwanda kingine kilinitumia video nzuri hivihivi, mzigo umefika nafungua katoni ya kwanza, zipu ukiivuta mara ya tatu kichwa kinabaki mkononi, Januari nzima wazazi wanarudi na mabegi nami narudisha hela. Kuna kampuni inakagua kwa dola 200 na ushee kwa siku, kwangu hiyo ni hela nyingi. Halafu kuna mtu kasema PVoC ya TBS, ule uhakiki wa Shirika la Viwango kabla mzigo haujasafirishwa, inatosha. Kweli jamani?

Mzee wa Kontena
Dada usilipe kwanza. Hiyo 70% ndo fimbo pekee iliyobaki mkononi mwako. PVoC ni kitu kingine kabisa, ile inaangalia bidhaa kama inakidhi viwango vya nchi, haijui kwamba wewe mlikubaliana zipu namba 8 na yeye kaweka namba 5.
Mkaguzi hafungui yote 1,000. Wanafuata jedwali la AQL, yaani kiwango cha kasoro kinachokubalika, liko kwenye kiwango cha kimataifa ISO 2859, oda ya kuanzia 501 mpaka 1,200 kwenye ukaguzi wa kawaida wanachomoa 80. Kasoro kubwa wengi wanaweka 2.5, maana yake kwenye hizo 80 zikiwa mbovu 5 mzigo unapita, zikifika 6 umefeli. Vitu vidogo kama uzi unaning'inia wanaweka 4.0, hapo mwisho 7. Cha kumuumiza mtoto, mfano sindano imebaki kwenye mshono, hata moja tu mzigo umefeli. Na asiende mapema, mzigo uwe umeisha wote na angalau 80% uko ndani ya katoni.

dogo_gz
Niko hukuhuku Guangzhou, nawasindikiza wafanyabiashara wa nyumbani viwandani. Katoni achague mkaguzi mwenyewe tafadhali, asipokee za kuletewa mezani. Juzi tu tulikuwa sehemu, za mbele zote safi, mkaguzi akaomba ya chini kabisa upande wa ukutani, meneja akaanza oh ni nzito, oh vijana wamekwenda kula, tukasubiri mpaka wakarudi. Kufungua, mikanda ya begani imeshonwa mstari mmoja wakati sampuli ina miwili na kile kipande cha msalaba. Begi la mtoto linabeba madaftari na chupa ya maji, ule mshono ndo unaokatika. Mwambie mkaguzi aning'inize kilo 8 kwenye begi aache kwa muda, zipu avute mara nyingi siyo mara moja, na rangi asugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa aone kama inachuja.

Binti Likoni
Mimi niko Mombasa, nililipa inspekta na bado nikapata hasara kwa sababu sikumpa karatasi yoyote, akafika kule akalinganisha na sampuli waliyompa wao wenyewe kiwandani, kila kitu sawa! Andika yote dada yangu, kitambaa, uzito wa begi, saizi kwa sentimita, zipu, idadi kwa katoni. Na ile sampuli uliyoikubali ziwe mbili zimesainiwa, moja kwako moja kwao.

Mama Mabegi
Wakuu nimerudi. Nilimtuma mkaguzi na karatasi yangu ya kurasa mbili, ripoti imekuja jana usiku. Kati ya 80, zipu zinazokwama 11, na kuna picha yake ameshika kichwa cha zipu kimetoka, yaani ni kilekile cha mwaka jana, nimeiangalia nikatetemeka. Saplaya kwanza kakataa, nikamwambia hela haitoki, sasa anaomba siku 8 abadilishe zipu zote. Je ukaguzi wa pili analipa nani?

Mzee wa Kontena
Yeye. Mwandikie leo kabla hajaanza kufumua, akubali kwa maandishi kwamba gharama ya mkaguzi kurudi inakatwa kwenye ile 70. Na mkaguzi awe yuleyule, anajua pa kuangalia.

Mama Mabegi
Nimeshamwandikia, kakubali. Asanteni sana, mkaguzi anarudi kiwandani Jumanne ijayo.