Alder buckthorn kwenye bustani Uingereza, nipande au ni balaa?

bustani_reading: Habarini wakuu. Niko Reading, nyuma ya nyumba kuna kona ina majimaji mwaka mzima na hakuna kinachoshika pale. Sasa jirani mmoja mzee kaniambia nipande alder buckthorn, anasema ni mti wa asili wa hapa hapa, mdogo tu, Oktoba majani yanakuwa dhahabu tupu ndo yapukutike, na una vitunda vyeusi ndege wanavigombania. Nikaingia Google nakuta watu wanautukana eti ni gugu!! Nani mkweli? Halafu nina watoto, kila kitu mdomoni.

mtu_wa_minnesota: Achana nao kabisa. Huku Minnesota, Marekani, ulikuja kutoka Ulaya, watu wakaufanya uzio, ndege wakala wakaenda kunya mbegu msituni, sasa umejaa kwenye vinamasi miti ya kienyeji haioti tena chini yake. Hata kuuuza ni marufuku kisheria. Tunaukata na kisiki kinachipua tena, hadi upake dawa.

DadaMajani: Kaka wa Minnesota hajakosea ila anaongelea kwake, kule ni mgeni, Uingereza ni mwenyeji na kuna vitu vinautegemea. Wewe bustani panda tu. Kuna kipepeo anaitwa brimstone, dume ni njano kali, viwavi wake hapo Uingereza wanakula majani ya buckthorn tu, huu na ndugu yake purging buckthorn basi. Mei geuza majani machanga utaona yai moja moja limesimama wima kama kichupa. Kiwavi mwenyewe kumuona kazi, kijani kitupu, kajilaza kwenye mshipa wa katikati wa jani. Maua ni madogo hata huyaoni lakini nyuki wanayajua, na yanatoka kidogo kidogo muda mrefu ndo maana tawi moja unakuta tunda la kijani, jekundu na jeusi pamoja. Zamani mkaa wake ulitengenezewa baruti, wa maana sana huo. Kona yako ya majimaji ndo penyewe, ule purging ndo unataka udongo wa chokaa.

bustani_reading: Asante dada. Una miiba? Na watoto je?

DadaMajani: Huu hauna, mwenye miiba ni purging.

kamau_leeds: Watoto wasile hayo matunda, ni kutapika na kuhara. Gome lake lilikuwa dawa ya kulainisha choo na hata hilo lilikaushwa likalazwa kama mwaka kwanza, likiwa bichi unatapika. Nasema hivi kwa sababu kwetu Kenya kuna mti ndugu yake, mukarakinga, wazee wanachemsha mizizi kwenye supu, sasa mtu asije akaona wanafanana akajaribu na huu 😂

bustani_reading: Haya, naagiza miche ya mizizi mitupu (isiyo na udongo wala chungu) Novemba, na pale mbele yake naweka kafensi mpaka hawa wangu wapate akili.

mtu_wa_minnesota: Sawa mkuu, ila usinitumie mbegu.