Mrejesho: mvumo wa spika umeisha, chanzo kilikuwa waya wa antena

Wakuu, niliuliza kwa nini spika zangu zinavuma hata muziki ukiwa umezimwa, na kama nivute laini ya umeme ya peke yake kwa ajili ya ampilifaya. Asanteni sana kwa majibu.

Laini nimevuta. Fundi alitumia waya wa milimita za mraba 4 na breka ya ampea 20, hadi kwenye soketi za muziki tu. Ule mlio wa "tap" kila friji inapowaka umetoweka. Lakini mvumo ukabaki vilevile, na niliumia kweli, maana nilikuwa nimeshatoboa kuta.

Ndipo nikafuata ushauri wa kuchomoa kebo moja moja. Nilipochomoa ya antena nyuma ya televisheni, kimya! Antena ina ethi yake (waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini) juu ya paa, ampilifaya ina ethi yake kupitia plagi, na televisheni ilikuwa imeziunganisha. Ethi mbili zikafanya mzunguko, mkondo ukapita kwenye kebo za sauti, nazo spika zikavuma. Nimeweka kitenganishi kidogo kwenye kebo ya antena, kinachopitisha mawimbi ya televisheni lakini kinakata muunganiko wa ethi. Sasa nikisogeza sikio hadi kwenye spika sisikii kitu.

Aliyenishauri nikate waya wa ethi kwenye plagi, tafadhali usimshauri mtu mwingine hivyo. Mvumo ungeisha, ndiyo, ila siku umeme ukivuja ndani ya ampilifaya, bodi lake lote la chuma lingekuwa na umeme likisubiri mkono wa mtoto.